Kihisi cha diodi kinapodanganya: kutafuta hitilafu kwenye kipima haidrojeni cha chumba cha betri

Mwongozo huu nauandikia fundi aliyeachiwa kipima haidrojeni ukutani bila kuachiwa mtu wa kumuuliza. Labda ni chumba cha betri za sola katika shule ya bweni upande wa Njoro, labda ni betri za akiba za zahanati mjini Kisumu, labda ni kibanda cha kuchajia taa za omena kule Dunga. Nazungumzia vihisi vya diodi pekee (diodi ni kijisehemu kinachopitisha umeme kwa urahisi upande mmoja tu), vile ambavyo ndani yake mna kipande cha semikondakta kilichopakwa utando mwembamba wa metali ya paladi au platini. Vihisi vinavyochoma gesi kwenye waya wa moto, na vile vyenye kemikali ya majimaji, vina magonjwa yao mengine.

Kabla ya kushika bisibisi

King'ora kikilia, chukulia kwamba gesi ipo mpaka uthibitishe haipo. Haidrojeni huwaka hewani ikiwa kati ya asilimia 4 na asilimia 75, na cheche ya kuiwasha ni ndogo mno, takriban milijuli 0.02. Cheche ya sweta ya nailoni ambayo hata ngozi yako haijaihisi inatosha. Kwa hiyo usiguse swichi ya taa wala ya feni iliyo ndani ya chumba. Kata umeme wa chaja kwa swichi iliyo nje, fungua mlango na madirisha, kisha ngoja. Moto wa haidrojeni mchana hauonekani vizuri, basi usijipe moyo kwa kuwa huoni kitu.

Hesabu moja iweke kichwani. Kila seli ya betri ya asidi inayochajiwa kupita kiasi hutoa takriban lita 0.42 za haidrojeni kwa kila ampea-saa. Betri nne za volti 12 zilizounganishwa kwa msururu zina seli 24. Chaja ikizisukumia ampea 10 za ziada kwa saa nzima, umepata kama lita 100. Chumba cha mita 2 kwa 2 chenye kimo cha mita 2.5 hubeba lita 10,000. Saa moja imekupa asilimia 1, na chumba kikizibwa kabisa, saa nne za namna hiyo zinakufikisha asilimia 4. Chini ya dari unafika mapema zaidi, kwa sababu haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa kwa takriban mara 14 na hukimbilia juu. Mtu akikuambia kwamba betri chache haziwezi kuleta hatari, mwonyeshe hesabu hiyo.

Ukiweza, azima kipima cha mkononi cha aina tofauti na hiki kilicho ukutani. Vihisi viwili vya aina moja hudanganyika kwa pamoja.

Diodi inapima nini hasa

Paladi huvunja molekuli ya haidrojeni iwe atomi mbili. Atomi hizo hupenya utando, hufika pale metali inapokutana na semikondakta, na hapo hujipanga kuwa safu ya chaji chanya na hasi. Safu hiyo hushusha kizuizi ambacho elektroni sharti zikivuke ndipo mkondo upite. Ingemar Lundström na wenzake huko Uswidi walilionyesha jambo hili mwaka 1975 kwa transista yenye lango la paladi, na diodi tunazofunga leo hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo zikiwa na sehemu chache zaidi.

Ukubwa wa athari yenyewe unashangaza. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kizuizi kikishuka milivolti 60 tu, mkondo huongezeka takriban mara kumi. Hapo ndipo unapotoka uwezo wa diodi kunusa gesi kidogo sana, na ndipo pia matatizo yake yote yanapotoka. Ndani ya kifaa hakuna mahali haidrojeni inapohesabiwa. Kinachopimwa ni mkondo au volti ya diodi, kisha programu inakisia kiasi cha gesi. Joto, mwanga, unyevu na mawimbi ya chaja vyote hubadilisha mkondo wa diodi, na vyote huandikwa kwenye skrini kwa jina la haidrojeni. Ndiyo maana fundi akinipigia simu namuuliza kwanza saa ambayo tatizo linatokea, namba baadaye.

Fahamu pia kifaa chako kimeungwaje. Vingine hupitisha mkondo usiobadilika kuelekea mbele na kusoma volti. Haidrojeni ikija, volti hushuka. Vingine huweka volti ya kinyume isiyobadilika na kusoma mkondo unaovuja. Haidrojeni ikija, mkondo hupanda. Vya kundi la pili hushughulika na mikondo midogo sana, na uchafu kwenye bodi huviumiza kuliko vya kwanza.

Usomaji unapanda na jua na kushuka usiku

Hili ndilo lalamiko kubwa la Nakuru, na chanzo cha kwanza cha kuangalia ni joto. Diodi ya namna hii hupoteza kati ya milivolti 1 na 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, mkondo ukiwa ule ule. Nakuru alfajiri inaweza kuwa nyuzi 10 na adhuhuri 27. Hizo ni nyuzi 17, yaani milivolti 17 hadi 34 ambazo hazikuletwa na gesi yoyote. Weka juu yake bati lisilo na dari, ambapo hewa ya chini ya paa huzidi kabisa joto la kivulini, na kosa linakuwa kubwa kuliko ishara unayoitafuta. Kwenye diodi iliyoungwa kinyume hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa mkondo wa kuvuja hupanda kwa kasi sana joto linapopanda.

Watengenezaji wengi hulijua hili, kwa hiyo huweka diodi mbili kwenye chipu moja: moja ina paladi au platini wazi, ya pili imefunikwa kwa metali isiyovunja haidrojeni. Kifaa husoma tofauti ya hizo mbili, na joto hujifuta lenyewe. Usomaji ukifuata jua ingawa kifaa kina diodi pacha, shuku waya wa diodi ya pili. Ukikatika au ukishika kutu, kifaa hubaki na diodi moja bila kukuambia. Pima volti ya kila diodi peke yake chumba kikiwa baridi, kisha rudia adhuhuri. Zote mbili zinapaswa kusogea karibu sawa. Iliyoganda mahali pamoja ndiyo yenye waya mbovu.

Kuna jambo hapa ambalo mafundi hulipuuza na linanitia hofu kuliko king'ora cha uongo. Kifaa kikisawazishwa sifuri, yaani kikiwekwa kisome 0 pasipo na gesi, saa sita mchana, usiku wa baridi usomaji wake huenda chini ya sifuri. Skrini nyingi hazionyeshi namba hasi. Huandika 0 na kunyamaza. Sasa haidrojeni italazimika kwanza kufidia deni hilo kabla namba haijaanza kupanda, na king'ora kitachelewa. Betri zikichajiwa kwa umeme wa usiku, kuchelewa huko ndiko hatari yenyewe. Kwa kifaa kisicho na diodi pacha wala kipimajoto cha kusahihisha, sawazisha sifuri alfajiri, kwenye hewa safi, kabla jua halijagonga paa. Ni heri kikuudhi mchana kuliko kikufiche usiku.

Chanzo cha pili kinachofuata jua ni mwanga wenyewe. Diodi ya metali na semikondakta hugeuza mwanga kuwa mkondo, na tundu la kupitishia gesi hupitisha pia mwanga. Nimeona stoo ya betri Nakuru ambayo fundi alikuwa amefunga bati moja la kuangaza, lile la plastiki, ili asiwashe taa mchana. Mwale wa jua ulikuwa unatembea ukutani, na ulipofika kwenye kihisi karibu saa nne asubuhi, namba ilipanda. Ulipopita, ikashuka. Kipande cha kadibodi kilichosimamishwa kati ya bati na kihisi, bila kuziba hewa, kilimaliza ubishi papo hapo.

Kutofautisha joto na mwanga ni rahisi: mwanga hufanya kazi mara moja, joto huvuta dakika kadhaa. Mulika kihisi kwa tochi kisha kikinge kwa mkono. Ila angalia diodi yako imetengenezwa kwa nini. Silikoni huona mwanga wote tunaouona sisi. Galiamu nitraidi huona mwanga wa urujuanimno tu, wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 365 hivi, na tochi ya simu haina mwanga huo. Kwa diodi hiyo, tochi ikikosa kuleta badiliko hujathibitisha kitu. Mpelekee jua lenyewe.

Kinalia jioni, baada ya mvua

Hapa tumehamia Kisumu, ambako hewa ya ziwa hubeba unyevu mwingi. Kijana mmoja anayetunza chumba cha betri huko alinipigia simu akiwa amechoka kabisa: "Mzee, nimebadilisha kihisi na hata hiki kipya kinalia." King'ora kilikuwa kinalia jioni za mvua, asubuhi kinanyamaza. Kihisi kipya kikirudia ugonjwa wa kihisi cha zamani, acha kukitazama kihisi. Tazama kile ambacho hakikubadilishwa.

Tulipoiinamisha bodi kwenye mwanga wa dirishani, kati ya vituo viwili vya diodi palikuwa na utando wa rangi ya kijivu, unaonata kidogo kwenye ncha ya kidole. Ulikuwa mabaki ya dawa ya kulehemu yaliyokamata vumbi na mvuke wa asidi. Ukiwa mkavu, uchafu huo hauna neno. Ukilowa, hupitisha umeme.

Fanya hesabu uone uzito wake. Diodi iliyowekewa volti 1 ya kinyume inavujisha, tuseme, nanoampea 100. Uchafu wenye ukinzani wa megaomu 10 ukikaa sambamba nayo nao hupitisha nanoampea 100. Mkondo umekuwa mara mbili, na kwenye programu hiyo ni haidrojeni. Megaomu 10 mita nyingi za mkononi huionyesha kama namba kubwa isiyo na madhara, kwa hiyo fundi hupita bila kushtuka.

Jaribio ninaloliamini ni la pumzi. Funika uso wa kihisi kwa kifuniko safi cha plastiki, kisha ipulizie bodi pumzi ya joto kama mtu anayefuta miwani. Usomaji ukiruka na kurudi pumzi inapokauka, umepata. Zima umeme, sugua bodi kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili, suuza tena kwa spiriti safi, kausha. Uso wa kihisi usiguswe na spiriti wala mswaki. Ukitaka kukinga bodi, paka vanishi ya akriliki kihisi kikiwa kimefunikwa, na uiache ikauke nje mpaka harufu iishe. Dawa ya kukinga yenye silikoni usiilete karibu. Sababu naieleza mbele.

Unyevu una kosa la pili, na hilo huvuta upande wa pili. Molekuli za maji hukalia utando wa paladi na kuziba nafasi ambazo haidrojeni ingevunjiwa, kwa hiyo kihisi kisicho na hita huitikia polepole siku za mvua. Vyenye hita ya ndani hukausha uso wao. Kama kihisi chako kina hita na kimeanza kuzembea kila mara hewa ikiwa nzito, pima ukinzani wa hita umeme ukiwa umezimwa, ulinganishe na karatasi ya vipimo. Hita iliyokatika ni ugonjwa wa kawaida kuliko diodi iliyokufa.

Kinapanda chaja inapowashwa

Hapa usiharakishe kusema ni kelele za umeme, maana ndipo haidrojeni ya kweli hutokea. Tazama muda. Kelele za umeme hufika sekunde ile ile chaja inapowashwa. Haidrojeni huchelewa, kwa sababu betri lazima kwanza ijae ndipo ianze kuchemka. Kwa betri ya volti 12, kuchemka kwa nguvu huanza volti inapofika karibu 14.4. Namba ikianza kupanda taratibu baada ya betri kufika hapo, kihisi chako ni kizima na kinafanya kazi uliyokinunulia. Pima volti ya betri. Ikiwa chaja inazishikilia kwenye 14.4 na zaidi saa nzima hadi saa nzima, ilhali betri iliyojaa inapaswa kushushwa hadi 13.5 au 13.8 hivi, mgonjwa ni chaja. Nimeshaona watu wakiongeza maji ya betri kila wiki huku wakilaani kihisi kinachowaambia maji yanakwenda wapi.

Ikiwa namba inaruka sekunde ile ile, weka mita kwenye volti za mkondo geu na uguse waya zinazolisha kihisi. Chaja za bei nafuu huacha mawimbi ya mara 100 kwa sekunde, mara mbili ya umeme wetu wa hertzi 50. Diodi haipitishi sawa pande zote mbili, basi mawimbi hayo hayajifuti; hugeuka kuwa nyongeza ya kudumu kwenye usomaji. Uthibitisho: kilishe kihisi kwa betri ndogo ya pembeni isiyogusana na chaja, kisha washa chaja. Namba ikitulia, weka kapasita na kidhibiti volti kwenye mlisho, na waya za kihisi zisipite bega kwa bega na zile nene za betri. Mashine ya kulehemu ya jirani wa jua kali huleta dalili hiyo hiyo, na simu iliyowekwa juu ya kifaa inapopokea mwito pia.

Betri zinachemka, kihisi kimenyamaza

Kimya ni dalili mbaya kuliko kelele, na kwa bahati mbaya hakuna anayepiga simu kwa sababu ya kimya. Anza na mahali kilipofungwa. Mafundi waliozoea vipima gesi ya kupikia hufunga karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito. Haidrojeni iko juu. Kihisi kikae sehemu ya juu kabisa ya chumba, mbali na tundu la hewa safi inayoingia, kwa kuwa kikipigwa na hewa ya nje kitasoma hewa ya nje.

Usikijaribu kwa kiberiti cha gesi. Hicho kina butani, na kihisi kizuri cha haidrojeni hakilazimiki kuitikia. Watu wametupa vihisi vizima kwa jaribio hilo.

Mahali pakiwa sawa, fikiria sumu. Ya kwanza ni silikoni, si ile ya diodi bali ile laini ya gundi na mafuta: gundi ya kuzibia madirisha, dawa za kung'arishia dashibodi, baadhi ya mafuta ya kulainishia. Mvuke wake hutua kwenye paladi na kuacha utando ambao haidrojeni haiupenyi kwa urahisi. Chumba kikizibwa nyufa kwa gundi hiyo wiki kihisi kilipofungwa, na kihisi kikawa kizito tangu hapo, chanzo unacho. Kihisi hicho mara nyingi hakiponi.

Ya pili ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Kaunti ya Nakuru ina mvuke wa ardhini Olkaria na Menengai, na gesi hiyo ni sehemu ya kile kinachotoka na mvuke. Betri ya asidi iliyochajiwa vibaya mpaka ikaharibika nayo huitoa. Tabia yake ni ya hila. Mwanzoni hupandisha usomaji, maana paladi huivunja na kubaki na haidrojeni yake, halafu salfa inayobaki hukalia utando na kuuzima. Ukiona rekodi ya vilele visivyoeleweka kisha kimya kirefu, fuata njia hiyo. Jaribio lake halihitaji kifaa: sugua kipande cha waya wa shaba mpaka king'ae, kitundike karibu na kihisi, kiache majuma kadhaa pamoja na kingine ulichokifungia ndani ya chupa kavu. Kilichotundikwa kikigeuka cheusi na cha chupa kikabaki kinang'aa, usinunue kihisi kingine kabla ya kuondoa chanzo au kupata chenye kichujio cha salfa.

Kaboni monoksaidi ya jenereta nayo hukalia paladi, ingawa hewa safi na joto huweza kuiondoa. Jenereta isipumulie ndani ya chumba cha betri. Hilo lina sababu nzito kuliko kihisi.

Kimepanda, hakishuki

Haidrojeni huondoka kwenye paladi kwa kukutana na oksijeni na kuwa maji. Bila oksijeni inakaa. Kihisi kilichofungiwa ndani ya kisanduku chenye tundu dogo lililoziba vumbi hakina hewa ya kukisafisha, kwa hiyo zibua tundu kwanza. Baridi nayo huchelewesha kushuka, kama hita iliyokufa inavyochelewesha. Kihisi kilichokaa kwenye gesi nyingi kwa muda mrefu huweza kubaki na sifuri iliyoinuka hata baada ya chumba kusafishika. Kiache kikiwa kimewashwa, hita ikifanya kazi, kwenye hewa safi usiku kucha kabla ya kusawazisha upya. Ukiharakisha kukisawazisha kikiwa bado kimelewa gesi, sifuri yako itakuwa ya uongo na utarudi kwenye lile deni la usiku.

Gesi ya kipimo inatoa namba isiyolingana na mtungi

Gesi ya kipimo ni ile ya mtungi yenye kiasi cha haidrojeni kinachojulikana, ya kusawazishia kifaa. Soma lebo ya mtungi: haidrojeni imechanganywa na hewa au na nitrojeni? Ndani ya nitrojeni hakuna oksijeni ya kuishindania paladi, kwa hiyo diodi huitikia kwa nguvu zaidi na kushuka polepole zaidi. Kifaa kilichosawazishwa kwa mchanganyiko wa nitrojeni kitasoma chini ya ukweli ndani ya chumba chenye hewa. Agiza mchanganyiko wa hewa, wa asilimia 1 au 2, ulio chini ya kikomo cha kuwaka.

Usitengeneze haidrojeni yako kwa maji ya chumvi na betri. Upande wa pili hutoka klorini, ambayo itakudhuru wewe na kifaa. Gesi inayotoka kwenye betri inayochemka usiikusanye kwenye chupa pia. Ni haidrojeni na oksijeni pamoja, yaani mlipuko uliokwisha kuandaliwa.

Mwinuko husingiziwa sana. Kweli Nakuru iko takriban mita 1,850 na hewa yake ina mgandamizo wa kama kilopaskali 81, Kisumu iko mita 1,130 na ina kama 88, na pwani ni 101. Lakini molekuli ya haidrojeni huvunjika kuwa atomi mbili, kwa hiyo mwitikio hufuata kipeuo cha pili cha mgandamizo wake, na oksijeni nayo hupungua kwa kiwango hicho hicho. Kinachobaki ni kosa dogo. Mtu akikuambia kihisi chake kinasoma nusu kwa sababu ya mlima, tafuta sumu au hita.

Namba inarukaruka

Mara nyingi ni kiungio chenye kutu ya kijani. Chomoa, safisha, lehemu upya. Kama waya ni safi, fikiria utando wenyewe. Paladi safi ikipewa haidrojeni ya asilimia 1 au 2 na zaidi kwenye joto la kawaida hubadili hali yake ya ndani na kuvimba, ujazo wake ukiongezeka kwa kama asilimia 10. Ikivimba na kusinyaa mara nyingi hupasuka na kubanduka. Kwa darubini ya mkononi utaona malengelenge na kingo zilizoinuka. Hakuna tiba. Unaponunua kingine kwa chumba kinachopata gesi nyingi, tafuta chenye platini au chenye paladi iliyochanganywa na fedha au nikeli, ambavyo huvumilia zaidi.

Kufunga kipya

Kihisi kilichokaa dukani huwa kizito kwenye gesi ya kwanza. Kipe gesi ya kipimo na hewa safi kwa zamu mpaka miitikio miwili mfululizo ilingane, ndipo usawazishe. Andika kwenye daftari linalokaa chumbani volti ya kila diodi alfajiri na adhuhuri, sekunde ilizochukua kufika kilele, na sekunde za kushuka. Mwezi ujao namba hizo ndizo zitakazokuonyesha kihisi kinachoanza kuchoka kabla hakijanyamaza. King'ora huwekwa mara nyingi kwenye asilimia 1, robo ya kikomo cha kuwaka; usikipandishe juu ya hapo ili kupunguza kelele. Na kifuniko cha plastiki cha kihisi kiondoe mwisho kabisa, rangi ya ukuta ikiwa imekauka na kazi zote za gundi zimekwisha.